Picha za Musonoi Zilizoondoka kwa Tata Swedi

Tata Swedi hakuwa mtu wa picha. Alikuwa mtu wa malori. Baba yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akiwa utingo kwenye lori la pamba, akafika Kolwezi, akaoa, akabaki. Swedi mwenyewe alishika usukani kabla ndevu hazijaota. Alipofikia miaka hamsini alikuwa na malori mawili ya kwenda Dilolo, mpakani na Angola: yalipeleka saruji na sabuni, yakarudi na samaki mkavu. Sokoni walimjua kwa neno lake lisilo na kona na kwa uso wake usiocheka ovyo. Ndiyo maana siku aliyocheka kwa sauti mbele ya mlango wa mtu asiyemjua, pale mtaa wa Musonoi, utingo wake alishuka garini kuja kuangalia kumetokea nini.

Klachi ilikuwa imekufa. Fundi alikuwa chini ya lori, na Swedi alitafuta kivuli kwenye baraza la nyumba ndogo ya matofali, ambapo mwanamume mwembamba alikuwa anaandika kibao cha kinyozi. Ukutani, nyuma ya yule mwanamume, kilitundikwa kitambaa cha gunia la unga kilichopakwa rangi. Kilionyesha bomba la maji la mtaa, wanawake na madumu ya njano, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, na pembeni kabisa lori jekundu lenye taa moja iliyovunjika.

"Hii gari ni yangu," Swedi alisema.

"Ee, njo yako," yule mwanamume alijibu bila kugeuka. "Inapitaka hapa kila juma ya pili. Ile taa, juu ya nini hauitengenezi?"

Hapo ndipo Swedi alipocheka.

Jina la yule mwanamume lilikuwa Banza. Alikuwa fundi umeme mgodini mpaka siku walipopunguza wafanyakazi. Tangu hapo aliishi kwa vibao vya vinyozi na vya maduka ya dawa. Zile picha za magunia alizichora Jumamosi, kwa ajili yake mwenyewe, na alichora tu kile alichoweza kukifikia kwa miguu kutoka kizingitini pake: shule, zahanati, uwanja wa mpira, kanisa la Wametodisti, wachimbaji wakirudi na mawe yao juu ya baiskeli, msiba wa jirani na viti vya kukodi vimepangwa barabarani. Swedi alinunua ile ya bomba. Safari iliyofuata alinunua ile ya uwanja. Banza hakuwa mgumu wa bei.

"Kwako itakaa," alimwambia siku moja akikunja kitambaa. "Bengine banachukua, kiisha banafunikia nayo makala ya kupikia."

Baada ya miaka tisa zilikuwa ishirini na mbili. Mkewe Swedi, Mwamini, hakutaka nyuso za watu kwenye kuta za nyumba ambamo familia inasali, na Swedi hakubishana naye. Alizitundika kwenye depo ya nyuma, iliyokuwa imebaki tupu tangu ahamishie bidhaa sokoni. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alichukua kikombe cha chai akaenda huko, akakaa juu ya gurudumu kuukuu, akaangalia. Ukimuuliza anaangalia nini, alisema anangoja chai ipoe.

Neno lililomharibia lilikuwa neno zuri. Kalombo, karani wa kampuni moja ya mgodi, alikuja kuzungumza juu ya usafiri wa mizigo yake. Mvua ikawafukuza uani, wakakimbilia depo. Kalombo alizunguka kuta zote nne. Kisha akavua miwani, akaifuta.

"Tata Swedi, hii haiko mapambo tena. Hii ni collection, mukusanyo wa kweli. Kwa bantu ba collection kunakuwaka conseiller, mutu mwenye kazi ile, wa kukuongoza nini uchukue na nini uache. Utafute wako mbele ya kupotea."

Neno hilo lilimkaa Swedi. Mpaka siku hiyo alikuwa mtu anayependa picha za Banza. Kuanzia siku hiyo akawa mwenye collection. Akaanza kuleta kutoka Dilolo vitu ambavyo hakuvipenda, lakini alisikia kwamba wakubwa huvitafuta. Vinyago viwili vya Kichokwe aliviweka juu ya sanduku karibu na mlango, na wageni walipokuja aliwaonyesha hivyo kwanza, akitaja umri wa kila kimoja kama mtu anayetaja umri wa babu yake.

Ushauri wa Kalombo ulikuwa wa haki. Kutafuta mshauri hakukuwa kosa, na hata leo Swedi hasemi kwamba kulikuwa kosa. Anachojutia ni namna alivyomchagua.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Ngoyi. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye ghala la jumba la makumbusho, akiandika kila kitu kilichoingia na kila kilichotoka; sasa alikuwa mstaafu, akiishi kwa binti yake katika mtaa wa Manika. Alishuka kwenye taxi-moto akiwa na mfuko wenye tochi, futi ya mshonaji na daftari. Masharti yake aliyasema akiwa bado mlangoni: atalipwa kwa siku, na Swedi peke yake; yeye hauzi kitu, hanunui kitu, na hapokei chochote kutoka kwa muuzaji yeyote.

Alikaa siku nzima. Swedi alishangaa kuona anaangalia migongo ya picha kuliko sura zake. Mwamini alipomletea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, alikula akiwa bado anatazama ukutani, kisha akaanza kuonyesha kwa kidole picha moja baada ya nyingine, na swali lake likawa lile lile.

"Hii, juu ya nini uliichukua?"

"Ilinipendeza."

"Najua, Tata. Mi nauliza ile siku. Uliona nini ndani?"

Swedi hakuzoea maswali ya namna hiyo. Lakini mbele ya picha ya uwanja wa mpira alijikuta anaeleza kwamba yule kipa aliyevaa viatu tofauti, mguu wa kulia na wa kushoto, alikuwa kama kaka yake marehemu. Na mbele ya ile ya msiba alieleza kwamba ameona viti vile vile vya kukodi kwenye msiba wa mama yake. Mama Ngoyi alikuwa anaandika. Jua lilipoanza kuteremka akazima tochi.

"Collection yako ni Banza," alisema. "Mutaa moja, mukono moja, miaka tisa. Mi sikupata kuona mutu aliweka mutaa muzima vile. Lakini haujue hata moja ilipakwa mwaka gani, na haba bamama ba ku bomba ni banani. Mwaka huu usiongeze kitu. Enda ukae na Banza, uandike yote, angali anakumbuka."

"Na bile bya Dilolo?" Swedi aliuliza, akielekeza mkono kwenye vinyago.

Mama Ngoyi alivigeuza mara moja tu. "Hibi ni bipya, Tata. Bilizikwa mu udongo, kiisha bakabipaka majani ya chai. Umuulize aliyekupatia. Hatakataa."

Alisema bila kejeli, kama muuguzi anayesoma karatasi ya maabara. Lakini alisema mbele ya Mwamini na mbele ya dereva mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni, watu ambao Swedi alikuwa amewasimulia umri wa vinyago vile kwa majuma mengi. Uso ulimchoma. Alimlipa mama wa watu siku yake, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, na moyoni alikuwa amekwisha kumfungia mlango. Nani anamlipa mtu ili aambiwe asinunue?

Kabla ya kupanda pikipiki Mama Ngoyi alisema neno moja zaidi. Labda aliuona uso wake. "Ukipenda kuchukua mwingine, hakuna mubaya. Umuombe tu majina ya bantu batatu alibaongoza, ubapigie simu. Na umuulize nani anamulipa."

Huyo mwingine alikuja mwezi uliofuata, kutoka Lubumbashi. Aliitwa Mathieu. Alivaa shati jeupe ambalo vumbi la Kolwezi lilikuwa kama linaliogopa, na alikuwa na kadi zenye jina lake kwa herufi za dhahabu, na tableti yenye picha za kumbi za ng'ambo, kuta nyeupe, watu wenye glasi mikononi. Alimwita Swedi "Président". Alipoingia depo alipita mbele ya picha za Banza kama mtu anayepita kwenye korido, akasimama mbele ya vile vinyago viwili.

"Président," alisema taratibu, "nani alikufundisha kuchagua?"

Swedi hakumwomba majina ya watu watatu. Kwa nini amuulize mtu aliyekwisha kumtambua?

Mwamini ndiye aliyeuliza lile swali lingine. Alikuwa amelisikia siku ile barabarani. Aliweka sinia la chai mezani, akabaki amesimama.

"Tata Mathieu, samahani. Kama bwana yangu hakulipe, nani anakulipa?"

Mathieu alitabasamu. "Mama, kwa Président mi sichukue hata kidogo. Kazi yangu inalipwa kule mbele."

"Kule mbele wapi?"

"Mama Yasmine," Swedi alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "sukari haitoshi."

Mwamini aliingia ndani kutafuta sukari ambayo ilikuwa tayari mezani. Ameshamwambia mumewe tangu siku hiyo kwamba hakuumia kwa swali lake kukatwa. Aliumia kwa sababu aliona mumewe naye alitaka kulijua jibu, akaogopa.

Mathieu alikuja mara tatu. Mara ya pili alieleza kwamba picha za magunia ni mzigo: hazina jina, hazina karatasi, na mtu mwenye jicho akiziona atadhani mwenye nyumba hajui kitu. Mara ya tatu alileta mpango. Zile ishirini na mbili ziondoke zote, na Swedi aongeze fedha kidogo juu yake, apate vitu saba vya zamani, vya Kiluba na vya Kichokwe, kila kimoja na cheti chenye mhuri. Collection ya vitu saba kama hivyo, alisema, ingeandikwa vitabuni.

"Ile ya bomba ibaki," Swedi alisema.

"Haiwezekani, Président. Mwenye kuzitaka anazitaka zote pamoja."

Miaka imepita, na Swedi bado anarudia sentensi hiyo anapoendesha, peke yake, kati ya Mutshatsha na Kasaji ambako barabara ni ndefu. Kama zilikuwa mzigo, nani huyo aliyezitaka zote, hata moja isipungue? Ilikuwa imesemwa mbele yake, kwa Kiswahili, na yeye aliyeweza kumshika dereva kwa uongo wa lita mbili za mazuti ya lori hakuisikia.

Siku ya kuzishusha, Swedi mwenyewe alishika ngazi. Watu wa Mathieu walizikunja moja moja, wakaziingiza kwenye mirija mikubwa ya plastiki. Ukutani zilibaki alama za mraba ambapo vumbi halikufika. Vile vitu saba vilipangwa juu ya meza yenye kitambaa cheusi: kiti cha kifalme kilichobebwa na mwanamke wa mti, vinyago, fimbo. Vilipendeza. Kalombo alipokuja kuviona alisema "hongera" mara mbili, akauliza zile nyingine zimeenda wapi, akasikia jibu, hakusema hongera mara ya tatu.

Swedi aliendelea kwenda depo na chai yake kama majuma mawili. Kisha akaanza kunywea barazani. Na kuna jambo jingine alilolifanya bila kulitamka hata kwa Mwamini: aliwaambia madereva waachane na fundi wa Musonoi, wapitie njia ya juu. Alisema fundi amekuwa mzembe. Ukweli ni kwamba hakutaka kupita mbele ya baraza la Banza.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, mgodi ulisogea. Upande wa chini wa Musonoi ulipigwa alama za rangi kwenye milango, nyumba kwa nyumba. Watu walipewa walichopewa, wakahamishiwa kwenye uwanda mpya ng'ambo ya barabara kuu, penye nyumba za bloku na bila mti hata mmoja. Kabla ya mvua za kwanza, ile shule, lile kanisa, uwanja na bomba vilikuwa vimekuwa hewa. Ukisimama ukingoni unaona shimo, na ndani ya shimo magari makubwa kama nyumba yanaonekana kama vidudu.

Miezi michache baadaye, Ijumaa moja alasiri, Swedi akiwa anatoka msikitini, alikuta watu watano wanamngoja barazani. Walivaa nguo za kanisani. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu Mbuyu, aliyefundisha kwenye ile shule miaka mingi. Pamoja naye walikuwa wazee wawili na wanawake wawili, na mmoja wa wanawake, mama mnene mwenye fimbo, alikuwa amebeba kuku, zawadi.

"Tata Swedi," mwalimu alisema, "hatukuje kukusumbua. Mu hii cité mupya, hii mutaa balitupatia, batoto hawajue fasi gani tulitokea. Hatuna hata foto. Ile siku tulikuwa tunalia mu mukutano, Banza akasema, musilie, kila kitu iko salama kwa Tata Swedi. Tunaomba tu utuonyeshe. Tukiweza, siku moja tulete batoto nabo baone."

Swedi alishika funguo mfukoni. Angeweza kusema pale pale. Maneno hayakuwa mengi: nimeziuza. Badala yake akawapeleka, kana kwamba miguu ingepata njia ya kutoka katika jambo hilo kabla hawajafika. Akafungua depo. Watu wale watano waliingia, wakaona meza, kitambaa cheusi, vinyago, na kuta zenye alama za mraba.

Kuku alilia kidogo chini ya mkono wa yule mama.

"Na ile ya bomba?" yule mama aliuliza. "Banza alinipaka mule. Mi niko na dumu ku kichwa, na mutoto ku mugongo. Huyu mutoto alikufa."

"Ziko Lubumbashi," Swedi alisema. "Nilizituma zikatengenezwe. Rangi ilikuwa inatoka."

"Zitarudi wakati gani?"

"Karibu."

Walimshukuru. Walimwachia kuku.

Kama kuna sehemu ya habari hii ambayo Tata Swedi angelipa lori moja ili ifutwe, si siku aliyoshika ngazi. Ni lile neno "karibu". Siku aliyoshika ngazi alikuwa mjinga, na mjinga anaweza kujisamehe. Pale alikuwa anajua.

Jumatatu alimpigia Mathieu. Mathieu alipokea, akafurahi kusikia sauti ya Président, kisha akasikia linalotakiwa. Akasema picha zilishavuka mpaka zamani, mnunuzi ni mtu wa heshima ambaye hapendi jina lake litajwe, na biashara ni biashara. Swedi akauliza alipata kiasi gani kwa huyo mnunuzi. Simu ilikatika, na baada ya hapo namba ile haikupatikana tena.

Ndipo akaenda Manika, kwa miguu, akamkuta Mama Ngoyi anachambua maharage. Hakujua aanze wapi, akaanza na kiti cha kifalme, alichokuja nacho kimefungwa kwenye shuka. Mama Ngoyi alifuta mikono, akakiweka kwenye mwanga.

"Angalia," alisema. "Kiti ya zamani inalainika fasi mutu anakalia. Hii inang'ara ku mikono na ku uso ya huyu mwanamuke, lakini juu, fasi ya kukalia, mbao iko na miba. Hakuna mutu alikalia hii hata siku moja."

"Na bingine sita?"

"Nitakuja kubiona. Lakini Tata, hautembei mpaka hapa juu ya hii kiti tu."

Swedi akamweleza yote, mpaka lile "karibu". Mama Ngoyi hakumwambia kwamba alimwonya. Alimimina maharage kwenye sufuria, akaifunika.

"Ile siku mi niliandika ulichosema," alisema mwishowe. "Nilipashwa kupiga na foto. Sikuwa na appareil ya foto, na nikawaza, nitarudia. Kila kazi nilifanya, nilipigaka foto kwanza. Kwako nikawaza, nitarudia."

Swedi alitoka pale akiwa amebeba kosa lake na sasa amemwona mwingine naye ana lake, na halikumpunguzia uzito.

Banza alimpata kwenye uwanda mpya, mbele ya nyumba ya bloku, akiandika kibao cha duka la simu. Alikuwa amekonda zaidi. Alimwona Swedi akasogeza kopo la rangi ili mgeni apate pa kukaa.

"Nilisikia balikuja kwako," Banza alisema. "Balirudi banasema ziko ku matengenezo. Nikawaza, rangi yangu haitokaka."

"Niliziuzisha," Swedi alisema.

Brashi ilisimama. "Ngapi?"

"Zote."

"Hata ya bomba?"

"Hata ya bomba. Nilimwambia ibaki, akakataa, nikaacha."

Banza alimaliza herufi aliyokuwa ameianza. Alichovya brashi kwenye mafuta ya taa, akaipangusa kwa kitambaa, polepole, unywele kwa unywele.

"Tata, ungenituma tu mutu. Ungeniuliza. Mi sikukatalie kuuzisha, ni bitu byako. Lakini ningekuja na daftari, nikachora tena ndogo ndogo, wakati mutaa ungali pale. Nilikuwa nayo mbele ya macho kila siku. Nilikuwa naamka, naiona." Alikunja kile kitambaa. "Sikuchora tena kwa sababu nilijua iko kwako."

Swedi alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira haikuja. Walikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia, kisha Banza akasema wakamwone mwalimu Mbuyu na wengine, kwa sababu jambo hilo si lake peke yake.

Walikutana kwenye darasa lisilo na madirisha. Swedi alisimama mbele, akasema aliyoyafanya, na akasema kwamba siku ile depo alidanganya. Yule mama mwenye fimbo alimsikiliza hadi mwisho.

"Tulijua," alisema. "Mutu anatuma tablo ya ukuta ku matengenezo, hawekake meza ya binyago pa fasi yake. Tulikuachia tu useme weye mwenyewe. Ulikawia."

Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia si kitu.

Mwamini alidhani mumewe angefunga depo kabisa. Hakuifunga. Vile vitu saba alivirudisha kwenye masanduku; Mama Ngoyi alikuta sita ni vipya na cha saba, fimbo, huenda ni ya kweli, lakini hakuna awezaye kusema ilitoka nyumba ya nani, kwa hiyo haikai juu ya meza ya mtu. Yeye sasa ndiye mshauri wa Swedi. Analipwa kwa siku, na Swedi peke yake. Amemtafutia watu Lubumbashi wanaofungua macho. Amemwandikia barua kwa watu wa minada ng'ambo, zikieleza kila picha kutokana na daftari lile la siku moja: mwanamke mwenye dumu, mtoto mgongoni. Kipa mwenye viatu tofauti. Mpaka leo haijaonekana hata moja.

Na Banza anachora tena. Swedi alimwomba, na Banza alikubali baada ya kukataa mara mbili. Mama Ngoyi aliweka sharti moja: nyuma ya kila kitambaa kipya iandikwe mwaka wa kweli, na kwamba kilichorwa kwa kukumbuka, mahali penyewe pakiwa hapapo tena. Swedi aliona ni maneno makali. Mama Ngoyi alisema ni makali kwa sababu ni ya kweli.

Zimekuwa tano. Watu wa mtaa wanakuja kuziangalia, na wanabishana. Mwalimu anasema kanisa lilikuwa upande wa kushoto wa shule. Mzee mmoja anasema kulia, ukitokea reli. Ile ya bomba mpya ina midomo mitatu ya maji, na wanawake wawili wameapa kwamba ilikuwa minne. Yule mama mwenye fimbo alijiangalia ndani yake, na mtoto wake mgongoni, akasema mtoto hakuwa mkubwa vile. Banza akafuta, akachora tena, akafuta.

Juma lililopita walikuwa wawili tu depo, asubuhi, Banza akiwa kwenye picha ya sita, ile ya zahanati. Alifika kwenye mlango, akainua brashi, akageuka.

"Tata Swedi. Ule mulango wa zahanati, ulikuwa rangi gani? Mi umenitoka. Weye uliuangalia kila siku."

Ni kweli. Miaka sita picha ile ya kwanza ya zahanati ilitundikwa mbele ya gurudumu alilokalia, usawa wa macho yake. Swedi alifumba macho. Aliona ngazi mbili, aliona mwanamke ameshika tama, aliona hata msumari ulioshikilia kitambaa. Mlango haukuja.

"Kijani," alisema.

Banza alichovya brashi kwenye kijani.